Tovuti ya fomu 34A: nilikesha nayo wiki nzima, haya ndio maoni yangu

Nyota nne kwa tano. Ile moja nimeikata na sababu ntazitoa, mtulie.

Watu huandika maoni yao kuhusu hoteli za biriani na saluni na duka za simu, mimi leo nataka kuandika kuhusu huduma ambayo niliitumia mchana na usiku kuliko hoteli yoyote, yaani ile tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ya fomu za kura za urais, Agosti 2022. Najua ni kitambo. Lakini 2027 inabisha hodi, uchaguzi ni tarehe 10 Agosti, tume ina makamishna wapya tangu Julai 2025 chini ya Erastus Ethekon, na kwa magurupu nishaanza kuona watu wanabishana kuhusu seva kama vile wamewahi kuiona seva kwa macho. Sasa kabla hamjaanza kurushiana matusi, wacha niwaambie hii kitu ilikua inafanya kazi vipi kwa mtu wa kawaida mwenye simu ya kupasuka kioo na bando la kuhesabia.

Kwa wale waliokua wamelala: kura ya Kenya huhesabiwa pale pale darasani ulipopigia. Kituo kikiwa na watu wengi kinagawanywa strimu, kila strimu isizidi wapiga kura 700, na kila strimu inahesabika kama kituo chake. 2022 vilikua vituo 46,229. Wakimaliza kuhesabu, msimamizi wa kituo anajaza fomu 34A kwa mkono, kwa kalamu, maejenti wa vyama wanatia sahihi, fomu inapigwa picha na KIEMS, kile kidude cha tume cha kutambua wapiga kura, kile kile kilichokuchukua alama ya kidole asubuhi, picha inapaa. Nakala moja inabandikwa mlangoni. Ile karatasi yenyewe inabebwa mpaka eneo bunge ambako wanatengeneza 34B, jumla ya eneo bunge, na kutoka huko inaenda ukumbi wa Bomas, Nairobi, kuingia kwa 34C, jumla ya nchi nzima.

Na tovuti kazi yake ilikua moja tu, kukuonyesha ile picha. Hakuna jumla, hakuna rangi za ramani, hakuna nani anaongoza. Picha ya karatasi, shusha ukitaka, ondoka.

Nilivyoelewa hivo nilicheka. Nikasema hawa wametupa risiti zote za duka halafu wanatuambia tujihesabie wenyewe. Lakini ukikumbuka tulikotoka unanyamaza. 2017 ilikua kinyume kabisa, namba zilikua zinatiririka kwa skrini usiku kucha, zinapanda tu, lakini ukiuliza karatasi iko wapi unaambiwa subiri. Na hiyo ilikua baada ya Chris Msando, bwana wa mitambo wa tume, kuuawa siku chache kabla ya kura, kwa hivo hakuna aliyekua na moyo wa kusubiri. Raila akaenda kortini, na Septemba mosi majaji wa Mahakama ya Juu, wanne kwa wawili, chini ya Jaji Mkuu wa wakati huo Maraga, wakaufuta uchaguzi wote. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ilikua ishasema kwa kesi ya Maina Kiai kwamba matokeo ya kituoni ndio ya mwisho, hakuna mkubwa wa Nairobi anaruhusiwa kuyabadilisha. Kwa hivo hii tovuti ya 2022 haikuja kwa hisani ya mtu, ilizaliwa kwa ugomvi.

Sasa matumizi yenyewe. Unachagua kaunti, unachagua eneo bunge, wadi, kituo, strimu. Tano. Ukikosea moja unarudi nyuma. Kaunti ziko 47 lakini kwa orodha ukishuka chini kabisa unakuta namba 48 ya diaspora na 49 ya magereza, na mimi mambo ya kwanza kufungua yalikua magereza, umbea tu, nilitaka kujua wafungwa wamempa nani. Alafu diaspora, kwa sababu dada yangu yuko Doha na 2022 ilikua mara ya kwanza Qatar kupewa kituo. Nchi zilikua 12 kwa jumla, waliojiandikisha 10,443 tu, ukilinganisha na milioni 22 na ushee nyumbani ni kama chumvi kwa sufuria ya harusi. Lakini akanitumia voisi, "Niangalizie yetu imefika?" Ikawa imefika. Nikamtumia picha. Akapiga simu analia, ati ameona mwandiko wa yule bwana aliyekua amekaa mbele yao. Sijawahi kuona mtu analizwa na fomu ya serikali isipokua ya kodi.

Kasi: hapa lazima niseme ukweli hata kama wewe ni wa upande ulioshindwa. Kura zilifungwa saa kumi na moja jioni Jumanne tarehe 9, na Jumatano jioni zaidi ya asilimia tisini ya fomu zilikua ziko juu. Zaidi ya vituo elfu moja vilikua sehemu hakuna mtandao wa maana na hivo vilitumia satelaiti. Mimi nimengoja mesiji ya benki kwa muda mrefu kuliko huo.

Binamu yangu ana kiduka cha fotokopi huku Kisauni, mashine mbili na laptopu moja ambayo herufi ya "e" lazima uigonge kama unaua mende. Usiku wa Jumatano tukakaa hapo watu wanne, yeye, mimi, mwalimu mmoja wa hesabu wa sekondari na kijana wa bodaboda aliyekuja kuchaji simu akakwama. Tukaamua tutajumlisha eneo bunge letu wenyewe, fomu mia na zaidi, kwa Excel. Mmoja anashusha, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika, mmoja anahakiki. Usiku wa kwanza tulikua tunafurahi, chai ya tangawizi na mahamri, siku ya tatu tulikua hatusalimiani vizuri.

Karatasi zenyewe nazo ni hadithi. Kuna zilizopigwa picha vizuri kama kitambulisho. Kuna zilizopigwa chini ya taa ya chemli, kivuli cha mkono wa msimamizi kimefunika nusu ya safu. Kuna moja ilikua imelala ubavu, mwalimu akalala ubavu pia kuisoma. Fomu moja ya jirani yetu ilikua na namba iliyoandikwa, ikakatwa mstari, ikaandikwa tena juu na sahihi ndogo pembeni, na pale chini kwenye nafasi ya maoni ya msimamizi ameandika kwa Kiingereza cha shule kwamba zoezi limeenda kwa amani. Saa ngapi hiyo aliandika? Mtu ameamka saa tisa usiku, ameshinda na foleni, amehesabu karatasi za urais, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike, MCA yaani mjumbe wa wadi (sisi Mombasa ya gavana hatukupiga siku hiyo, picha za wagombea zilichanganywa kwa karatasi, sisi na Kakamega tukasukumwa mpaka tarehe 29), alafu bado mkono wake una nguvu ya kuandika "amani". Yule mtu ningependa kumnunulia soda.

Shida kubwa ni moja na saba. Wallahi. Kuna watu Kenya hii wanaandika moja yenye mkia mrefu kuliko saba. Fomu ina sehemu ya jumla ya kura halali, kwa hivo ukijumlisha wagombea wote wanne na haifiki unajua umesoma vibaya, mwalimu ndie aliyetufundisha hilo na lilituokoa mara nyingi. Lakini halikuniokoa mimi saa nane usiku niliporuka mstari mmoja kwa Excel. Kila mgombea akasogea hatua moja, jumla ikabaki ile ile, na kwa dakika kumi hivi Wajackoyah, yule bwana wa bangi na nyoka, alikua anaongoza strimu nzima Kisauni. Kijana wa boda akapiga kelele. Akapiga skrinshoti. Kabla sijarekebisha ishaenda gurupu mbili, na kesho yake asubuhi shangazi yangu, mtu mzima wa kuheshimika, akaniuliza kama ni kweli huyu bwana amechukua Pwani.

Ndio nikaelewa vita vya televisheni.

Manake mnakumbuka. Vyombo vikubwa vyote viliweka vijana wao wakawa wanafanya kazi kama yetu, wanafungua fomu wanaandika. Fomu ni zile zile kwa kila mtu. Lakini jioni hiyo hiyo ukiwa stesheni hii unaona Raila mbele, ukibonyeza rimoti unaona Ruto mbele, ukirudi ile ya kwanza wamebadilishana. Baba mmoja mtaani kwetu alikua anachagua stesheni kama dawa, ile inayomtuliza. Watu wakasema wamehongwa. Sikiza, mimi sijui mtu alikua na nini mfukoni, lakini hata bila hongo ingekua hivo hivo, kwa sababu huyu ameanza kuandika fomu za Nyanza na Pwani, yule ameanza na za Bonde la Ufa na Mlima Kenya, na mgombea ana ngome zake. Ukijaza gunia kuanzia upande wa mahindi utasema gunia ni la mahindi. Hakuna stesheni iliyokua inasema kwa herufi kubwa "hizi ndizo fomu tulizoandika mpaka sasa, hizi bado". Na zilipokaribia mwisho, pale tulipozihitaji hasa, zikapunguza mwendo, namba zikaganda, watangazaji wakaanza kutuwekea wachambuzi wa kuongea juu ya wachambuzi.

Wale wa kura za maoni nao nawaacha hivi hivi. Infotrak, Tifa, Ipsos, za mwisho mwisho zote zilimweka Raila mbele. Bas.

Kwa hivo hapa ndio nimekata ile nyota. Tovuti ilitupa karatasi karibu zote 46,229 lakini kama picha za PDF, moja moja. Hakuna njia ya kuchukua kaunti nzima kwa mpigo, hakuna jedwali la namba pembeni ya picha hata kama ni la muda, hakuna maelezo fomu fulani haijafika kwa nini haijafika. Matokeo yake, aliyeweza kuhesabu nchi nzima ni mwenye ukumbi na vijana mia, yaani vyama na televisheni. Sisi wa fotokopi tulimaliza eneo bunge moja tukazimia. Najua tume itasema tukiweka namba bila kuhakiki mtasema kama 2017. Sawa. Lakini mkiacha pengo, pengo linajazwa na skrinshoti ya kijana wa boda.

Na pengo lenyewe lilikua jembamba mno kuliko watu wanavyojua. Tarehe 15 marehemu Chebukati, mwenyekiti wa tume wakati huo, alitangaza Ruto 7,176,141, Raila, Mungu amrehemu pia, 6,942,930. Tofauti 233,211. Gawa kwa vituo. Ni kura tano kwa kila strimu! Na ile sheria ya nusu na moja, yaani rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, mimi nilikaa na kalkuleta ya duka nikaona Ruto alivuka nusu kwa kura elfu 69 na kitu. Gawa tena. Kura moja na nusu kwa kila strimu ndio zilituepusha na duru ya pili. Mbili kwa kila strimu zingehama kwenda kwa wengine, tungerudi foleni. Sasa wewe fikiria moja zenye mkia, fikiria mimi na mstari wangu wa Excel, alafu uniambie kujumlisha ni kazi ya kupuuza.

Alafu pakawa na ile ya asilimia. Dakika chache kabla ya tangazo makamishna wanne wa tume, Cherera na wenzake, wakakimbilia hoteli ya Serena kusema hawayatambui matokeo, hatua za mwisho zilikua gizani. Kesho yake wakaja na hesabu: asilimia za wagombea wanne zinafika 100.01, na hiyo 0.01 ni kama kura 142,000. Mimi nauza dukani, sina digrii. Lakini 50.49 na 48.85 na 0.44 na 0.23 kila moja imeviringishwa kwa desimali mbili, ukizijumlisha zinaweza kuzidi kidogo, ni kama bei ukiziviringisha zote kwenda shilingi nzima. Na 0.01 ya asilimia ya kura milioni 14.2 ni kama 1,421, sio laki na arobaini na mbili. Mwalimu wetu alikua anaangalia habari kwa simu, akaweka kikombe chini, akasema "hapana hapana hapana" mara tatu, akaenda kulala. Kamishna wa tume ya kuhesabu kura! Kuna mambo mengine walisema ambayo yalistahili kusikizwa, mfano mwenyekiti kufanya mambo peke yake, na hata korti ilisema tume ina ugonjwa wa uongozi. Lakini ile hesabu iliwaharibia kila kitu.

Kortini ndiko tovuti ilipimwa kikweli. Azimio, muungano wa Raila, walisema kuna watu waliingia katikati, wakazishika fomu angani, wakazibadilisha, alafu ndio zikapandishwa. Mahakama ya Juu ikaamuru ukaguzi, fomu zenyewe zikalinganishwa na zilizo kwa tovuti, zikaonekana ni moja. Septemba 5 Jaji Mkuu Koome na wenzake sita kwa kauli moja wakasema yale madai ya wageni kuchezea mtambo ni hewa tupu tu. Unaweza kuikataa hukumu, watu wengi wa kwetu mpaka leo wanaikataa. Lakini hata wewe unayekataa, ulipokua unabishana ulikua unabisha kwa kutumia fomu uliyoshusha hapo hapo kwa tovuti. Hicho ndicho kitu nilichopenda. Ugomvi ulikua na karatasi mkononi.

Nna mjomba Tanga. Nikimuonyesha zile fomu kwa simu aliniuliza "nyie mnaonyeshwa?" Sio utani. Kwao katiba inasema tume ikishamtangaza rais hakuna mahakama ya kuchunguza, na Oktoba 29 mwaka wa 2025 siku ya kura intaneti yenyewe ilizimwa, siku kadhaa nilikua nampigia hapatikani. Kwa hivo ninapolalamika kuhusu PDF najua nalalamika nikiwa nimeshiba.

Kwa tume mpya, nikipata nafasi ya kuweka maoni kwa boksi ya malalamiko: wekeni kitufe cha kushusha wadi nzima. Punguzeni zile hatua tano, iwe naandika tu jina la shule. Wafundisheni wasimamizi kuandika saba yenye kistari katikati, hii haigharimu kitu. Na fomu za viti vingine nazo ziwekwe hivi hivi, sio za urais peke yake, kwa sababu mnajua na mimi najua MCA huibiwa kimya kimya.

Jambo moja tu la mwisho alafu nifunge duka. Ijumaa ya wiki ile alikuja mzee jirani yangu, hana simu ya maana, ana ile ya tochi. Nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akakaa kwa benchi akazunguka weee, akauliza bei ya fotokopi, akauliza habari za mama, mwisho akasema, "Eti ya strimu yetu mnayo?" Nikaifungua. Nikamsomea. Hakutaka kusomewa, akataka kuishika. Nikaichapa. Akaitoa miwani, akapitisha kidole taratibu mstari kwa mstari mpaka kwa kura zilizokataliwa, ilikua imeandikwa tatu, akasimamisha kidole hapo.

"Hizi tatu ni zipi?"

Nikamwambia ni zilizoharibika mzee, mtu ameweka alama mbili au ameweka vibaya.

Akanyamaza. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa kanzu, akasema, "Basi moja huenda ni yangu, siku ile kalamu iliniponyoka." Akatoa shilingi kumi ya chapa. Sikuichukua.